Injini Isiyofunguliwa

Kila mwenye gari lililochoka ameshasomewa methali ya ufa na ukuta. Aghalabu anayemsomea ameshashika spana mkononi. Gari limetembea, injini ishushwe, ringi zibadilishwe, hedi ipelekwe ikasawazishwe, ukingoja utajuta. Methali hiyo ni kweli tupu kwa nyumba. Kwa injini ina walakini, kwa sababu injini iliyofunguliwa pasipo sababu huweza kurudishwa ikiwa mbovu kuliko ilivyokuja: gasketi haikukaa, bolti za hedi zimekazwa kwa kukisia, mchanga umeingia palipoachwa wazi mchana kutwa huku upepo unavuma.

Ndiyo maana mafundi ninaowasifu katika mwambao huu, kuanzia Mtwapa hadi Gongoni, ni wale wanaochelewa kufungua.

Gari la kazi la njia hii ni Probox. Toyota ilianza kuitoa mwaka 2002 iwe kigari cha kubebea mizigo ya ofisi huko Japani. Huku kwetu hubeba abiria, samaki, magunia ya mahindi na harusi. Nyingi zina injini ya 1NZ, ya sentimita za ujazo 1,496, inayotumia cheni badala ya mkanda. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Dereva akienda na kurudi mara moja kwa siku, kilomita 5,000 za kubadilisha oili zinatimia hata mwezi haujaisha. Na mita haihesabu saa za stejini, gari linaunguruma papo hapo likingoja abiria wa mwisho. Zamani feri ya Kilifi ililazimisha kila mtu azime injini. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 1991, gari hupita moja kwa moja.

Nilimkuta fundi mmoja Malindi, chini ya mwarobaini, akiwa na Probox yenye kilomita 300,000 na ushei. Dereva alikuwa na malalamiko mawili: asubuhi ikiwashwa hulia karakara kisha hunyamaza, na inakula oili. Kwingine alishaambiwa atafute injini ya eksi-Japani.

"Inakula kiasi gani?" fundi akauliza.

"Nyingi, mzee."

"Nyingi si kipimo, mwanangu. Kati ya sevisi na sevisi unaongeza ngapi?"

Kijana akafikiri. "Lita moja. Mara nyingine haifiki."

Fundi hakusema kitu. Alichomoa dipstiki, akaifuta kwa kitambaa cheupe, akainusa kama ina petroli. Akawasha injini, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akaweka kiganja juu ya tundu. Injini iliyolika hupumua kwa nguvu pale, ikatoa moshi na kurusha matone. Hii ilipumua kidogo tu. Akaiacha iungurume mpaka ipate moto, maana kipimo cha injini baridi hudanganya.

Kisha akatoa plagi zote nne na kuzipanga juu ya kipande cha boksi kwa kufuata silinda zake, moja hadi nne. Ya tatu ilikuwa nyeusi, ina unyevu wa oili. Akakata petroli, akafunga geji ya kompresheni kwenye tundu la kwanza, akamwambia spanaboi akanyage mafuta hadi mwisho na kupiga stata. Spanaboi akaandika paundi kwenye boksi lile lile, kila namba chini ya plagi yake: 180, 178, 162, 180.

Hapa ndipo fundi wa haraka angeitisha kreni. Huyu alichukua kijiko, akamimina oili kidogo ndani ya silinda ya tatu, akapima tena. Geji ikapanda hadi 176. Oili ile ilikuwa imeziba nafasi kati ya ringi na ukuta wa silinda. Kwa hiyo palipolika ni ringi. Namba ingebaki palepale, shaka ingehamia kwenye valvu au gasketi ya hedi, na hilo ni jambo jingine kabisa, halingojeki. Nimetazama watu wakifanya kazi nyingi za mikono, na sijui nyingi ambamo kijiko kimoja hujibu swali la maelfu ya shilingi.

Hukumu yake ilikuwa fupi. Ringi za namba tatu zimeanza kuchoka, lakini 162 bado iko juu ya kiwango cha chini cha injini hiyo, pistoni ziachwe. Karakara ya asubuhi ni ya cheni: kikazio chake husukumwa na presha ya oili, na usiku kucha oili imeshuka sampu. "Ikifika sekunde tano, au ikilia injini ikiwa moto, niletee siku hiyo hiyo. Kwa sasa usinicheleweshee oili."

Alichokataa kukiacha kilikuwa mfumo wa maji. Maji ya rejeta yalikuwa mekundu kwa kutu. Dereva alikuwa akijaza ya kisima, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Wota pampu ilikuwa na alama ya kuvujia. Na thamostati haikuwepo. Kuna aliyeing'oa akisema Pwani kuna joto, ya nini? Kifaa hicho hufunguka injini ikikaribia nyuzi 82. Kikikosekana, injini huchelewa kupata moto, huongezewa petroli isiyohitaji, petroli huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika. Akaagiza pampu, thamostati, hosi mbili, kifuniko cha rejeta na kulanti. Jahazi nalo hupandishwa ufukoni likalafatiwe na kupakwa deheni kabla halijavuja, ila sijaona fundi akibandua ubao mzima ili atazame tu nyuma yake kuna nini.

Kwa HiAce za zamani za dizeli, za injini ya 2L, 3L au 5L, mzee huyu hana subira hata chembe. Hizo zina mkanda, na mkanda haulii kabla ya kukatika. Ukikatika, pistoni hugonga valvu. Kawaida yake ni kilomita 100,000, na gari nyingi za dizeli za Toyota zina taa ya kukumbusha kwenye dashibodi. Lakini gari likifika hapa limeshapita mikono, pengine mita imerudishwa nyuma na taa imezimwa. Kama hakuna karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini, yeye huubadilisha leo.

Dereva wa Probox alilipa vipuri na kazi ya kuvifunga. Ile saa nzima ya geji na kijiko haikuwemo kwenye hesabu, na fundi hakuidai, kwa kuwa wateja wetu wamezoea kulipia kilichofunguliwa. Anayewaambia injini yao ni nzima hurudi nyumbani mikono mitupu, na kesho yake atashawishika kuona ugonjwa usiokuwepo. Ukipeleka gari lako kukaguliwa likaonekana halina neno, mlipe fundi kwa kukagua.