Fidla Iliyopitia Chumba cha CT

Uso wa fidla umevimba. Ushike kwa ubavu uangalie: katikati umepanda kiasi cha milimita 15, kisha unashuka taratibu kuelekea kingoni. Umbo hilo halikupatikana kwa kukunja ubao. Limechongwa ndani ya ubao mnene hadi ukabaki wembamba wa milimita 3 hivi. Nao wembamba huo haulingani kila mahali, hapa kumeachwa kidogo, pale kumepunguzwa. Msikilizaji wa taarab anayefuata fidla inapojibizana na ganuni anasikia matokeo ya tofauti hizo, ingawa hakuna jicho linaloweza kuziona.

Kwa kuwa hazionekani, kuiga fidla ya zamani kumekuwa kazi ngumu siku zote. Ndani hakuingiliki mpaka chombo kifunguliwe, na nani atakubali kubandua fidla ya Stradivari, fundi mashuhuri wa zamani, ili apime tu?

Njia ilipatikana Minnesota, Marekani, mahali ambapo seremala asingefikiria kuitafuta. Steven Sirr, daktari wa mionzi na mpiga fidla wa kujifurahisha, alikuwa akifanya mazoezi akiwa zamu, mwishoni mwa miaka ya 1980, alipoitwa kumhudumia mgonjwa wa dharura. Fidla akaiweka katika chumba cha mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya mwili. Kazi ilipokwisha akaipitisha fidla yenyewe mashineni. Alitarajia kuona ganda la mti lenye hewa ndani. Alichokuta kilikuwa na maungo: unene unaobadilika, msongamano wa mti usiolingana, na kasoro zilizojificha. Picha hizo akazipeleka kwa fundi wa fidla, John Waddle, na ushirikiano wao ukadumu miaka mingi.

Mwaka 2011 wao wawili, pamoja na fundi mwenzao Steve Rossow, walionyesha nakala ya fidla iitwayo Betts, aliyoitengeneza Stradivari mwaka 1704 na ambayo sasa inatunzwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Walichukua picha zaidi ya 1,000 za CT, kila moja kipande chembamba cha chombo kizima. Kompyuta ikaziunganisha zikawa umbo moja lililosukwa kwa pembetatu ndogo ndogo, na umbo hilo ndilo lililoiongoza mashine ya kuchongea, ambayo Rossow aliiunda mwenyewe. Ikachonga uso, mgongo, na kichwa kile kilichojiviringa.

Mtu asidhani kwamba hapo fundi anakaa na kusubiri. Ubao huchongwa upande mmoja, kisha hugeuzwa ili uchongwe wa pili, na lazima urudi palepale ulipokuwa. Ukiteleza nusu milimita, ubao wa milimita 3 umeharibika: upande mmoja mzito, mwingine umekondeana. Kwa hiyo hutobolewa matundu ya vigingi katika sehemu itakayotupwa, vigingi hivyo vikaushikilia ubao kabla na baada ya kugeuzwa. Mkato wa kwanza huwa wa pupa, unatoa mti mwingi. Wa mwisho hupita mstari kwa mstari, karibu karibu, usije ukang'oa nyuzi za mti. Subira ambayo zamani ilikuwa kwenye patasi sasa imetangulia, imo katika kupima na kupanga.

Kinachonivutia kuliko vyote ni kwamba mafundi hawa wanajua pa kuizima mashine. Mashine inaiga umbo, haiuigi mti. Mbao mbili zenye unene uleule hazina ugumu uleule, hata zikitoka gogo moja. Ndiyo maana fidla ile ilimaliziwa, ikaunganishwa na kupakwa vanishi kwa mikono. Hatua hiyo inataka kibati chenye makali cha kukwangulia, kidole cha kugonga ubao, na sikio la kungoja jibu. Unagonga, unasikiliza, unakwangua kidogo, unagonga tena. Ukizidisha, hakuna wa kukurudishia mti.

Ningependa kuona ujuzi huu ukifika kwenye udi wetu wa zamani, zile ala zilizopigwa Zanzibar, Lamu na Mombasa ambazo mwenyewe huogopa hata kuzibadilishia nyuzi. Mgongo wa udi hautaki mashine ya kuchongea. Hujengwa kwa mbao nyembamba zilizokunjwa kwa moto na kuunganishwa ubavu kwa ubavu. Lakini mashine ingeweza kuchonga kalibu ya kuzijengea, sawasawa na tumbo la udi wenyewe, nazo picha za CT zingeonyesha vipago vilivyogundishwa ndani chini ya uso: vingapi, virefu kiasi gani, na vimekaa umbali gani kutoka darajani. Fundi kijana angeviona vyote bila kubandua hata ubao mmoja.