Wasiwasi kama Hisia, Hali na Hulka: Kazimoto wa Kichwamaji na Kiswahili cha Kijenge, Arusha

Uhakiki huu unachunguza dhana ya wasiwasi katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji (1974), kwa kuipima na Kiswahili kinachosemwa Kijenge, Arusha. Eneo hilo limechaguliwa kwa kuwa Kiswahili chake ni cha bara. Wakazi wake wengi wana lugha nyingine ya nyumbani, iwe Kimaasai cha Waarusha, Kimeru au Kichaga, kama Kezilahabi mwenyewe alivyotoka Ukerewe, penye Kikerewe. Hoja inayotetewa ni kwamba usomaji wa kidhanaishi uliozoeleka humtazama mhusika mkuu, Kazimoto, kama mtu aliyeumbwa na wasiwasi, ilhali matukio ya riwaya na sarufi ya neno lenyewe vinaonesha mtu aliyetiwa wasiwasi.

Kiswahili hakielezi wasiwasi kwa namna moja. Mtu huingiwa au hushikwa na wasiwasi. Hii ni hisia, nayo imetoka nje ikamfika. Mtu huwa na wasiwasi. Hii ni hali, na inaweza kudumu saa moja au mwaka mzima. Kumwita "mtu wa wasiwasi" ni kutoa hukumu juu ya hulka yake, na hukumu hiyo haiulizi wasiwasi ulianza lini. Limebaki umbo moja ambalo ndilo lenye uzito zaidi hapa: kumtia mtu wasiwasi. Kitenzi kutia kinadai mtendaji. Asili ya neno inaafiki, kwani waswas ya Kiarabu ni mnong'ono, na katika mafundisho ya Kiislamu ni mnong'ono wa shetani kifuani mwa mwanadamu. Penye mnong'ono pana anayenong'ona.

Kijenge, kama kwingineko Tanzania, dhana hii ina majina ya mtaani. Mchecheto ni wa mwili usiotulia kabla ya mtihani, usaili au siku ya kupeleka mahari. Jambo likipita, nao huisha. Tumbo joto ni la anayesubiri matokeo. Neno gumu kuliko yote ni presha. Ni ugonjwa unaopimwa zahanati, ni hisia, na tena ni shutuma: "usinipe presha" humwambia msikilizaji kwamba chanzo ni yeye. Kinyume chake, "presha imepanda" haina mtendaji. Presha hupanda yenyewe, kama maji ya mto. Mhitimu wa chuo aliyerudi kwa wazazi bila ajira anaweza kuzitumia sentensi zote mbili jioni moja. Tofauti iliyopo kati yake ni ya lawama: nani abebeshwe.

Tofauti hiyo ndiyo inayomhusu Kazimoto. Mwanzoni mwa riwaya yeye ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliye likizoni, anayesubiri katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya akitafuta kazi. Mkuu huyo ni Manase, rafiki yake wa zamani. Kusubiri mlangoni pa rika lako mwenyewe si tukio dogo. Ndipo mchecheto wa kawaida unapoanza kuwa hali. Manase ndiye pia aliyempa mimba Rukia, ndugu yake Kazimoto wa kike. Kazimoto anataka kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, lakini anaishia kumpenda na kumwoa. Mtoto wa Manase ana kichwa kikubwa kupita kiasi, na mtoto wa Kazimoto anazaliwa vivyo hivyo, ulemavu ambao riwaya inaufungamanisha na ugonjwa wa zinaa. Hatimaye Kazimoto anajiua. Katika mfuatano huu, kila ngazi ya wasiwasi ina mtu nyuma yake, na mara nyingi mtu huyo ana cheo.

Kwa nini basi mtendaji hupotea? Jibu moja limo katika usimulizi. Kazimoto husimulia kwa nafsi ya kwanza, na msimulizi aliyejifungia kichwani mwake hana wa kumwambia "usinipe presha". Kwake presha hupanda tu. Msomaji anayekubali sarufi hiyo bila kuihoji anamwachilia Manase.

Pingamizi lipo, nalo ni zito. Mashaka ya Kazimoto juu ya Mungu na maana ya maisha hayakutoka ofisi ya wilaya. Kierkegaard, katika kitabu chake cha 1844 juu ya dhana hii, alitenganisha hofu yenye kitu maalumu na wasiwasi usio nacho, na kurasa nyingi za Kichwamaji zinaangukia upande wa pili. Usomaji wa kidhanaishi una haki yake hapo. Unapokosea ni pale unapofanya upande huo uwe maelezo ya kifo chake chote, kana kwamba Rukia hakuwahi kuwapo.

Msemo "wasiwasi ndiyo akili" unachanganya zaidi, kwa kuwa unausifu wasiwasi kama tahadhari, ilhali jina la riwaya linataja kichwa kilichojaa maji. Kazimoto ana akili ya kutosha kuona hatari, lakini haoni inakotoka. Uchambuzi wa mhusika unaoanza na orodha ya sifa utaandika "ana wasiwasi" na kuhamia sifa inayofuata. Ukianza na kitenzi kutia, jina la kwanza kuandikwa litakuwa la Manase.