Mwali wa Jiwe na Jabali la Katuni: Mahali kama Matini katika Hell's Gate, Naivasha

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili, mahali pametajwa mara nyingi kuliko palivyochunguzwa. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alipaweka mahali miongoni mwa mambo sita yanayoitawala fasihi hiyo, sambamba na fanani, hadhira, fani itendwayo, tukio na wakati. Aghalabu wahakiki waliomfuata wamemshughulikia fanani na hadhira yake, na mahali pakabaki kuwa jukwaa tu ambapo usimulizi hutokea. Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, inadhihirisha upungufu wa mtazamo huo. Huko mahali penyewe ndipo panaposimuliwa, na wasimulizi wanapagombea.

Chanzo cha ugomvi huo ni sinema. Mwaka 1991 wasanii wa kampuni ya Disney walizuru hifadhi hiyo ili kuyachunguza mandhari ya filamu waliyokuwa wakiiandaa. Filamu yenyewe, The Lion King, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, ilitolewa 1994. Mwaka 2003 ikafuata Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life, ya mwelekezi Jan de Bont, ambayo baadhi ya maonyesho yake yalipigwa picha papo hapo hifadhini. Tangu hapo mgeni wa aina mpya amejiunga na waendesha baiskeli na wapanda majabali: shabiki, ambaye hakuja kumtazama pundamilia bali kuitafuta picha aliyokwisha kuiona utotoni.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba filamu iliyopigwa picha huko kwa kamera haina nguvu, katika ziara za mashabiki, kama ile iliyochorwa kwa kalamu. Lara Croft alikanyaga vumbi la Naivasha, lakini katika hadithi yake vumbi hilo linasimama badala ya mahali pengine: sanduku la Pandora limefichwa pande za Kilimanjaro, na mandhari ya Bonde la Ufa yanaazimwa tu. Simba wa katuni hakuwahi kukanyaga popote. Kwa sababu hiyo anaweza kudaiwa kwamba alikanyaga kila mahali, na jabali linaloitwa Pride Rock, yaani Jabali la Fahari, laweza kuonyeshwa kwa kidole katika zaidi ya hifadhi moja ya Afrika Mashariki. Wapo watakaosema kwamba mwongoza watalii anayeonyesha hivyo anadanganya. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Anachokifanya ni kuirudisha sanaa kwenye jiwe lililoizaa, na kazi hiyo ni ya kifasihi kama ilivyo kazi ya mtambaji anayemwambia msikilizaji wake kwamba sungura alipitia kichaka kile pale.

Hata hivyo, jiwe lilikuwa na hadithi kabla ya katuni. Karibu na lango la Elsa unasimama mnara wa mwamba wenye kimo cha mita 25 hivi, masalio ya zaha iliyoganda kooni mwa volkeno ya kale. Wazungu waliupa jina la Gustav Fischer, mpelelezi Mjerumani aliyepita huko 1883. Wamaasai wanasimulia kwamba mnara huo ni mwali aliyekuwa akisindikizwa kwenda kuolewa, akaonywa asitazame nyuma, akageuka ili kuyaona mara ya mwisho makazi ya wazazi wake, akawa jiwe.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo uhakiki haupaswi kuipuuza. Kisasili cha mwali hakisemi kwamba jiwe linafanana na msichana. Kinasema kwamba jiwe ndilo msichana. Uhusiano wa hadithi na mwamba ni wa tendo na matokeo yake: aligeuka, akagandishwa, na anayetaka ushahidi autazame. Masimulizi ya shabiki yamejengwa juu ya tashbihi. Jabali hili ni kama lile la filamu. Korongo hili ni kama lile ambamo Mufasa alikanyagwa na nyumbu. Tashbihi ina udhaifu wake, kwa kuwa humlazimu msikilizaji kupima, na kila apimapo jiwe hushindwa. Mchoro ni mkubwa zaidi, jua lake jekundu zaidi, na simba wake hawakosekani, ilhali katika hifadhi hii simba ni nadra mno, na ndiyo sababu mojawapo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu. Mwali wa jiwe hashindwi kamwe na picha yoyote, maana yeye hana picha nyingine nje ya huo mwamba.

Majina nayo yamefanya safari ya namna hiyo. Filamu iliazima maneno ya Kiswahili (simba, rafiki, shenzi) ikayafanya majina ya watu, kisha ikayarejesha Naivasha yakiwa yamevaa lafudhi ya ng'ambo. Msikilizaji wa Gilgil au Nakuru anayeambiwa kwamba hapa ndipo alipozaliwa Simba ana haki ya kuuliza: simba yupi? Kuhusu ile ibara ya kutojali matatizo, ambayo Disney iliiombea ulinzi wa alama ya biashara nchini Marekani mwaka 1994 na kuzua malalamiko makubwa mwaka 2018, mengi yamekwisha kusemwa.

Gharama ya tashbihi si ya kinadharia tu. Korongo la Ol Njorowa, ambalo shabiki huliingia akikumbuka mbio za nyumbu, lina hatari yake halisi: mvua inyeshapo mbali juu ya miinuko, maji hushuka ghafla kati ya kuta nyembamba hata kama mbingu ya korongoni ni nyeupe. Mafuriko ya namna hiyo yaliua watu 7 mwezi Aprili 2012, na wengine 7 mwezi Septemba 2019, akiwamo mwongozaji mwenyeji. Msimulizi anayelijua korongo kwa jina lake na tabia yake hulisimulia pamoja na maji yake. Katuni haikuyachora maji hayo.

Ipo pia historia ambayo sinema haikuihitaji. Mvuke wa jotoardhi wa Olkaria umezalisha umeme tangu 1981, na mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishiwa makazi mapya ili kuupisha mradi wa Olkaria IV. Kisasili kinachomkataza mwali kutazama nyuma hakiwezi tena kusikika vilevile masikioni mwa watu ambao hawakuondoka kwa ajili ya arusi. Iwapo fanani wa leo wanakigeuza kisasili hicho kulingana na hali hiyo, na kwa namna gani, ni swali linalostahili utafiti wa nyanjani, na linastahili kufanywa mapema.

Nadharia ya Tzvetan Todorov, aliyoieleza katika kitabu chake cha 1970, inaifanya fantasia kuwa hali ya kusita: msomaji hajui kama ajabu analoliona lina maelezo ya kawaida au la. Kwa kigezo hicho shabiki wa Hell's Gate hayumo kabisa katika fantasia. Hasiti, anajua wazi kwamba simba hawasemi, na raha yake ni ya kutambua, si ya kushangaa. Anayesita hupatikana kilomita chache kaskazini mwa mji wa Nakuru, ukingoni mwa kreta ya Menengai. Huko mvuke unaotoka ardhini husimuliwa kuwa roho za mashujaa wa Ilaikipiak, walioshindwa vitani na Wamaasai wenzao katika karne ya 19 na kutupwa shimoni, zikijaribu kupanda mbinguni. Mwenye elimu ya miamba na mwenye kusimulia huutazama mvuke uleule. Msikilizaji aliyesimama kati yao asubuhi ya baridi, ukungu ukiwa umefunika sakafu ya kreta, hana filamu ya kumwamulia.