Lugha kama Shahidi: Gershom Scholem na Suala la Mtunzi wa Zohari

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayomkabili mhakiki wa maandishi ya kale, ni machache yaliyo magumu kama lile la kumtambua mtunzi pale ambapo kitabu chenyewe kinamtaja mtu mwingine. Zohari, kitabu kikuu cha Kabala, yaani elimu ya siri ya Kiyahudi, ni mfano ulio wazi. Kilianza kujulikana Kastilia, nchini Hispania, katika miaka ya mwisho ya karne ya 13, kikisambazwa na Moses de León, aliyefariki mwaka 1305. Hata hivyo, kitabu chenyewe kinajieleza kuwa ni mazungumzo ya Rabi Shimon bar Yochai na wanafunzi wake, walioishi Galilaya katika karne ya pili. Waumini wengi walikipa heshima iliyokaribia ile ya Biblia na Talmudi. Mwanahistoria Heinrich Graetz, katika karne ya 19, alikiona kuwa ulaghai mtupu.

Baina ya kambi hizo mbili alisimama Gershom Scholem (1897–1982), mwasisi wa uchunguzi wa Kabala katika vyuo vikuu vya zama zetu. Makala haya yanakusudia kuipima hoja yake moja tu, nayo ni ile ya lugha. Yatadai kwamba ushahidi wa lugha alioutoa Scholem ulitosha kuthibitisha wakati na mahali pa utungo, lakini ulitwishwa mzigo wa tatu ambao haukuweza kuubeba: kuthibitisha mkono wa mtu mmoja.

Hoja ya Scholem

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba Scholem hakuanza na msimamo aliokuja kuwa maarufu kwao. Katika mhadhara wake wa uzinduzi kwenye Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem, mwaka 1925, aliuliza kama kweli Moses de León ndiye aliyeitunga Zohari, na alielekea kuutetea ukale wa baadhi ya yaliyomo. Katika mihadhara aliyoitoa New York mwaka 1938, iliyochapishwa kitabu mwaka 1941, alikuwa ameigeuza rai hiyo. Sehemu kubwa ya Zohari, alisema, ni kazi ya de León, na ilitungwa hasa kati ya 1280 na 1286.

Lililomgeuza zaidi ni lugha. Zohari imeandikwa kwa Kiaramu, lugha ambayo Wayahudi wa Hispania waliisoma vitabuni lakini hawakuizungumza majumbani. Scholem alionyesha kwamba Kiaramu hicho kimechotwa kutoka Talmudi ya Babeli na tafsiri ya Torati iitwayo Targumi ya Onkelos, vyanzo visivyo vya lahaja moja, vikachanganywa bila kujali mipaka yao. Minyambuliko ya vitenzi inavurugika: umbo la kawaida linatumika mahali pa umbo la kutendesha, na kinyume chake. Istilahi za falsafa zilizobuniwa na wafasiri wa Kiebrania wa zama za kati zinajitokeza katika vinywa vya watu wa karne ya pili. Hata jiografia inamsuta mtunzi, kwa kuwa Kapadokia, jimbo la Asia Ndogo, linageuka kijiji cha Galilaya. Mwisho, makosa na mazoea kama hayo ya lugha yanapatikana katika vitabu ambavyo de León aliviandika kwa Kiebrania kwa jina lake mwenyewe, kama vile Sefer ha-Rimmon cha mwaka 1287.

Uzito wa hoja na mipaka yake

Hapana shaka kwamba hoja hii ni nzito. Lugha ni shahidi asiyeweza kufundishwa yote ya kusema. Mtunzi anaweza kuficha jina, zama na nchi yake, lakini ni vigumu kuficha sarufi iliyomo akilini mwake. Kwa sababu hiyo, maswali mawili ya kwanza, la wakati na la mahali, yamejibiwa kwa namna ambayo watafiti wa baadaye hawakuibatilisha: Zohari kama tulivyonayo haikuandikwa Galilaya katika karne ya pili.

Swali la tatu, la nani, ni la namna nyingine. Mfano unaotajwa mara nyingi katika mjadala huu ni neno “esnoga”, jina ambalo Wayahudi wa Hispania na Ureno waliliita sinagogi. Zohari inalipasua neno hilo vipande viwili na kulifasiri kuwa ni moto wenye kung'aa. Mfano huu unapendeza, na unathibitisha kwamba mwandishi alikuwa mtu wa nchi hizo. Lakini neno hilo limo katika Raaya Mehemna, sehemu ambayo Scholem mwenyewe aliitenga na kazi ya de León, akasema ni ya mwandishi mwingine aliyekuja baadaye. Kwa hiyo alama hiyo ya Kihispania ilikuwa mali ya jamii nzima ya wasomi, wala si ya mtu mmoja. Likiwa hivyo neno moja, mhakiki ana haki ya kuuliza ni mangapi mengine katika orodha ya Scholem yaliyo ya jamii, na ni mangapi yaliyo ya mtu.

Swali hili halikuachwa bila kuulizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Yehuda Liebes alitoa rai kwamba Zohari ni zao la kundi la wasomi wa Kastilia waliosoma na kutunga pamoja, de León akiwa kiungo muhimu miongoni mwao, na kundi hilo likiwa pamoja na watu kama Joseph Gikatilla. Kwa rai hiyo, mfanano wa lugha baina ya Zohari na vitabu vya de León unabaki palepale, ila maana yake inabadilika. Huenda tunachokisikia ni lafudhi ya chuo, wala si sauti ya mwalimu mmoja.

Suala la “lugha bandia”

Kasoro ya pili ni ya kinadharia. Scholem alikiita Kiaramu cha Zohari lugha ya kubuni, yenye makosa. Kosa, hata hivyo, hupimwa kwa kipimo. Ukikipima Kiaramu hicho kwa Talmudi, kweli kina makosa. Lakini lugha ya maandishi isiyokuwa na wazungumzaji wa nyumbani inaweza kuwa na kaida zake yenyewe, zinazorithiwa na waandishi kutoka kwa waandishi. Mwaka 2006 Ada Rapoport-Albert na Theodore Kwasman walitetea rai ya namna hii, wakikiweka Kiaramu cha Zohari katika mkondo mrefu wa Kiaramu cha kifasihi kilichoendelea kuandikwa baada ya kukoma kusemwa. Hoja yao haiirudishi Zohari kwa Rabi Shimon. Inachokipunguza ni wepesi wa kuhesabu kila umbo geni kuwa ni kuteleza kwa mtu mmoja.

Mhakiki wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kuielewa hatari hii. Katika ushairi wa pwani, maumbo ya lahaja za kaskazini yalikubaliwa kuwa lugha ya utenzi hata na watunzi wasiokuwa wa huko. Mwanafunzi atakayeona “moya” mahali pa “moja” akakata shauri kwamba shairi ni la kale, au kwamba mtunzi ni mzaliwa wa Lamu, atakuwa ameifanya desturi ya fani kuwa cheti cha kuzaliwa. Ndivyo ilivyo kwa mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo: ukale wa lugha hautoshi peke yake kututhibitishia kwamba ni yeye aliyeyatunga.

Ushahidi wa mjane

Scholem alikuwa na shahidi mwingine asiyekuwa wa lugha. Isaac wa Akko alifika Hispania mwaka 1305, akakutana na de León huko Valladolid, naye akamwapia kwamba nakala ya kale ya kitabu ilikuwa nyumbani kwake Ávila. De León alifariki njiani kabla ya kuionyesha. Isaac aliambiwa baadaye kwamba mjane wake alikana kuwapo kwa nakala hiyo, akasema mumewe aliandika kutoka kichwani mwake, na kwamba alilitumia jina la Rabi Shimon ili kitabu kipate bei nzuri. Taarifa hii imehifadhiwa katika historia ya Abraham Zacuto, Sefer Yuhasin.

Isnadi yake ni dhaifu. Mjane alimwambia mke wa tajiri mmoja wa Ávila, naye tajiri alikuwa akikitamani kitabu hicho. Habari ikamfikia Isaac kupitia kwa mtu mwingine, na maandishi yenyewe yanakatika kabla Isaac hajatoa uamuzi wake. Graetz aliichukua habari hii kuwa hukumu. Scholem alikuwa mwadilifu zaidi: aliukubali ushahidi kuhusu uandishi, akaikataa sababu ya fedha. Kwake yeye, kutunga kwa jina la mhenga si lazima kuwe ughushi. Mtunzi aliyeamini kwamba siri za Torati ni za kale aliweza kuziweka katika kinywa cha kale kwa unyofu wa moyo. Hapa ndipo uhakiki wa Scholem unapofikia kilele chake, kwani anakiokoa kitabu bila kuuficha ukweli wa tarehe zake.

Hitimisho

Suala hili si la mapambo ya kitaaluma. Kabala hufundisha kwamba ulimwengu uliumbwa kwa herufi 22 za Kiebrania na sefiroti kumi, nguvu ambazo kwazo Mungu asiye na mwisho hujidhihirisha. Kwa msomaji wa imani hiyo, anayeigusa lugha ya Zohari anaigusa nguzo ya nyumba. Mwanaisimu anayeingia humo na vipimo vyake anapaswa basi kusema yale tu ambayo vipimo vyake vinaweza kuyasema. Scholem aliyasema mawili kwa uthabiti, lini na wapi, na kwa hayo taaluma inamshukuru. La tatu, nani, alilisema kwa sauti ileile, ingawa ushahidi wake ulikuwa umepungua. Shahidi akiulizwa asilolijua hujibu kwa kukisia, na lawama ya hapo humwendea aliyeuliza.