Pongezi kwa Mafundi wa Mashine za Mitumbwi, Nyashimo
Katika mialo ya Ghuba ya Speke, upande wa Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, wapo mafundi wanaostahiki sifa zaidi ya wanazopewa, maana wao ndio waamuao, kwa kupandisha au kushusha mashine kiasi cha unene wa kidole juu ya ubao wa tezi, iwapo mtumbwi wa sangara utajikokota au utakata maji kwa wepesi. Mashine ikizama mno, maji huizuia na petroli huteketea bure. Ikiinuliwa mno, rafadha huvuta hewa na kuzunguka pasi na nguvu, na tundu la maji ya kupozea likibaki wazi, injini huungua. Mashine ya shingo fupi hutaka ubao wa inchi 15 hivi, ya shingo ndefu inchi 20. Lakini mitumbwi yetu haikuchongwa kiwandani, basi fundi hulitazama lile bapa lililo juu ya rafadha, akalilinganisha na chini ya mtumbwi, akakata kipande cha mbao ngumu, akakipachika chini ya vibano, akakaza. Kisha, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi, hakubali ujira mpaka chombo kijaribiwe kikiwa na shehena yake kamili ya nyavu, barafu na mabaharia, kwani mtumbwi mtupu hukaa juu ya maji namna nyingine kabisa.