Kutafuta Draiva Baada ya Kurudi Windows 7: Maabara Moja ya Ndithini

Kwa siku mbili nzima, mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya sekondari huku Ndithini alikuwa akitafuta draiva ya CD kwenye mashine ambayo CD yake haikuwa na kasoro yoyote. Alikuwa ameweka faili za Windows 7 kwenye flashi, akaiwasha kompyuta, akaanza kusakinisha, na papo hapo skrini ikamwambia kuwa draiva ya CD au DVD inayohitajika haipo. Akaamini. Aliponipigia simu alikuwa ameshaagiza kifaa kipya cha kusomea DVD kutoka Thika.

"Mwalimu, hiyo flashi umeichomeka kwenye tundu la rangi gani?"

"La buluu, fundi. Si ndilo lenye kasi?"

"Hebu ihamishie kwenye jeusi."

Akaihamisha, na kazi ikaendelea. Tundu la buluu ni la USB 3.0. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, kabla vifaa vya USB 3.0 havijaenea, na haikubeba draiva zake. BIOS ya kompyuta inalifahamu tundu hilo, ndiyo maana mashine huwaka vizuri kutoka kwenye flashi. Lakini Windows 7 inapopokea kazi kutoka kwa BIOS, flashi hiyo hiyo inapotea machoni pake. Programu ya kusakinisha, iliyoandikwa enzi za DVD, hubaki ikilaumu DVD. Kwenye mashine za Intel za kizazi cha 6, zilizotoka 2015, hata tundu jeusi lisingemwokoa, kwa sababu kidhibiti cha zamani cha USB kiliondolewa kabisa. Huko kibodi na kipanya huzimika kabla hujabonyeza chochote, mpaka draiva za USB 3.0 ziingizwe kwanza ndani ya faili za usakinishaji. Kompyuta za shule hii ni za kizazi cha 3, kwa hiyo tulivuka.

Zilikuwa 12, za mezani, ex-UK, zote zikiwa na sura moja. Zilifika na Windows 10 juu ya RAM ya 2GB na diski za kuzunguka, na kila mwanafunzi aliyewasha yake alikaa akitazama duara likizunguka huku kipindi cha dakika 40 kikiyeyuka. Somo la Computer Studies lina mtihani wa vitendo katika KCSE, ile karatasi ya 451/2, na mtahiniwa hutakiwa kuhifadhi kazi yake, kuichapisha na kukabidhi vyote viwili. Mwanafunzi hawezi kuyazoea hayo kwenye mashine inayoganda. Nilimshauri mwalimu kwamba dawa bora ni diski za SSD na RAM ya kuongezea. Alinijibu kwa upole kwamba bajeti ya muhula ilikuwa imeshakwisha. Kwenye ubavu wa kila kompyuta kulikuwa na kibandiko cha leseni ya Windows 7 Professional kutoka siku zake za Uingereza, kwa hiyo tulirudi kwenye mfumo ambao mashine hizo zilikuwa na haki nao.

Hapa niseme wazi. Msaada wa Microsoft kwa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari 2020, na Chrome iliacha kuihudumia baada ya toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Mwenye saiba ambaye wateja wake huingiza nywila za eCitizen na iTax asiirudishe mashine yake huko hata siku moja, maana anacheza na siri za watu waliomwamini. Maabara hii haina intaneti. Kompyuta zinaunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa nyaya ili zitumie printa moja. Kwa sababu hiyo tu nilikubali kazi.

Mashine ya kwanza ilipomaliza kusakinishwa, tulifungua Device Manager. Skrini ilikuwa na picha kubwa zilizovutika, mtandao hakuna, na vifaa sita vilikuwa vikitusubiri: "Ethernet Controller", "PCI Serial Port", "PCI Simple Communications Controller", "SM Bus Controller", "Universal Serial Bus (USB) Controller", na skrini yenyewe ikiendeshwa na draiva ya dharura iitwayo "Standard VGA Graphics Adapter". Fundi yeyote aliyewahi kurudisha mashine za umri huu anaijua orodha hiyo kama anavyojua namba yake ya simu.

Sababu yake ni ya kalenda. Windows 7 ilipotoka ilibeba draiva za vifaa vilivyokuwapo, na pakiti yake ya marekebisho ya Februari 2011 haikuongeza mengi. Vichakataji vya kizazi cha 3 vya Intel vilitoka Aprili 2012. Mfumo uliandikwa kabla ya kifaa kuzaliwa, utakijuaje? Anayepanda kutoka 7 kwenda 10 halioni tatizo hili, kwa sababu mfumo mpya huwakuta wazee ambao habari zao zimeshaandikwa. Anayeshuka hukutana nalo kila mara.

Wengi hapo huenda kuandika jina la kompyuta mtandaoni na kuongeza neno draiva. Ndiyo njia ya kupata programu zinazodai kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja, na nyingi ya hizo huleta matangazo, na nyingine huleta virusi. Hata tovuti halali ya mtengenezaji hukupa orodha ndefu yenye kadi tatu za mtandao tofauti kwa jina moja la kompyuta, kwa kuwa viwanda hubadilisha vipande katikati ya uzalishaji. Tena kurasa za mashine kongwe hufutwa bila taarifa. Jina lililo kwenye kasha linakuambia nani aliuza. Halikuambii kilichomo ndani.

Kilichomo ndani hujitaja chenyewe. Bofya kifaa chenye alama ya njano kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake, kisha kwenye maelezo, uchague namba za utambulisho wa maunzi. Kwenye kadi yetu ya mtandao ilitokea PCI\VEN_8086&DEV_1502, ikifuatwa na mkia mrefu. Herufi nne baada ya VEN humtaja aliyetengeneza chipu. 8086 ni Intel, ambayo ilichukua namba ya kichakataji chake maarufu cha 1978. 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros. Herufi nne baada ya DEV hutaja chipu yenyewe: 1502 ni kadi ya mtandao ya Intel 82579LM. Mkiani, baada ya SUBSYS, nne za mwisho humtaja aliyeunda kompyuta, 103C ikiwa HP, 1028 Dell, 17AA Lenovo. Kwa draiva nyingi mkia huo huna haja nao. Namba mbili za mwanzo zinatosha.

Tulizisoma zote. 1E31 ilikuwa kidhibiti cha USB 3.0, yale matundu ya buluu. 0152 ilikuwa skrini, Intel HD 2500. 1E3D ni tundu la mfululizo ambalo halipo kwa macho. Ni la wasimamizi wa ofisi kubwa kuiongoza mashine kutoka mbali, na shule haina kazi nalo. 1E3A, ile "PCI Simple Communications Controller", imewapotezea mafundi saa nyingi sana, kwa kuwa jina lake linamfanya mtu atafute draiva ya modemu. Ni mlango wa Intel Management Engine. Na 1E22, "SM Bus Controller", haihitaji draiva hasa. Faili la Intel la chipseti huipa jina tu, alama ya njano ikatoweka, na kompyuta haibadiliki hata chembe. Kwa hiyo kati ya vifaa sita, vilivyostahili jasho letu ni vitatu: mtandao, skrini na USB.

Nilitangulia na mtandao, kwani nyingine zote hufuata njia hiyo. Mwalimu aliuliza kwa nini tusichomeke simu kwa kebo na kuiachia Windows ijitafutie. Wazo lilikuwa zuri, na simu za Android kweli hutambuliwa na Windows 7 kama kadi ya mtandao. Tulijaribu, intaneti ikaingia, lakini hakuna kilichofunguka. Kivinjari kilichokuja na Windows 7 ni Internet Explorer 8, na TLS 1.2, usimbaji ambao tovuti za leo zinaudai, huja ikiwa imezimwa ndani yake. Huduma ya masasisho nayo ilihamia saini za SHA-2, ambazo Windows 7 iliyosakinishwa upya haizielewi mpaka uipe kwa mkono masasisho mawili ya 2019, KB4490628 na KB4474419. Kuna jambo moja dogo zaidi kwenye mashine za ex-UK: betri ya CR2032 ikifa, saa hurudi miaka mingi nyuma, na vyeti vya tovuti hukataliwa vyote. Mbili kati ya 12 zilikuwa hivyo.

Basi nilitumia laptopu yangu na bando la simu. Microsoft ina hifadhi ya masasisho iitwayo Update Catalog, na sanduku lake la kutafutia hupokea namba ya kifaa kama ilivyo. Niliandika PCI\VEN_8086&DEV_1502, nikachagua Windows 7, na faili lililoshuka lilikuwa dogo. Nakazia udogo huo kwa sababu kuna mafurushi ya draiva yanayobeba kila kitu duniani, ya gigabaiti nyingi, na kwa mtu anayenunua bando hilo si jambo la mchezo. Faili huja likiwa CAB. Amri ya expand hulifungua, ndani yake ukakuta faili la INF, na INF ndiyo barua ya utambulisho ya draiva.

Mwalimu alikuwa na hoja nyingine, na aliitetea. Mashine 11 zilikuwa bado na Windows 10, kila kifaa kikifanya kazi. Kwa nini tusizinakili draiva za huko? Tulizinakili, amri moja ya dism inatosha, kisha tukaifungua INF moja kwenye Notepad. Sehemu ya mtengenezaji huandika toleo la mfumo ambao draiva inaukubali. Windows 7 kwa hesabu ya Microsoft ni 6.1, Windows 8 ni 6.2, 8.1 ni 6.3, na Windows 10 ni 10.0. Tuliyoihitaji ingesema NTamd64.6.1, na chini ya sehemu hiyo namba yetu 1502 ingekuwamo. Tuliyoinakili haikuwa hivyo. Ukikuta 6.1 na namba ya kifaa chako pamoja, draiva itakubali. Kikikosekana kimoja, acha. Hata majina ya faili husaidia macho yaliyozoea: draiva ya Intel kwa kadi hii kwenye Windows 7 ni e1c62x64, ambapo 62 ni NDIS 6.2, mpangilio wa mtandao uliokuja na Windows 7, na x64 ni biti 64.

Hata hivyo zile mashine 11 zilitufaa sana kwa njia nyingine. Ndani ya Windows 10 kila kifaa kilikuwa na jina lake kamili kando ya namba yake, kwa hiyo tulitengeneza orodha ya majina na namba kabla ya kufuta chochote. Kwenye mashine ya kwanza mwalimu alikuwa amefuta kwanza. Kazi ya kutambua vifaa vyake ingekuwa nyepesi kama angeanza na kalamu.

Draiva ya skrini ilikataa mara ya kwanza ikatoa kosa la 52, yaani saini haijathibitishika. Ilikuwa hadithi ile ile ya SHA-2. Tuliweka yale masasisho mawili, tukazima na kuwasha, ikakubali, na herufi zikatulia. Kuna wanaofundisha kuzima ukaguzi wa saini kabisa. Mashine ya watoto sitaiacha hivyo. Printa ilikuwa na sharti lake dogo: draiva ya biti 64 kwa mfumo wa biti 64, basi.

Baada ya hapo kila draiva ilikaa kwenye folda moja ndani ya flashi, na kwa mashine zilizobaki tuliita kila INF kwa amri ya pnputil. Wanafunzi wawili waliobaki shuleni likizo ya Agosti waliifanya kazi hiyo wenyewe, mmoja akisoma namba kwa sauti, mwingine akizilinganisha na karatasi.

Kwenye mashine ya tisa, yule msomaji alinyamaza. Kadi ya mtandao ilikuwa inafanya kazi kabla hawajaweka draiva yoyote. Walidhani wamekosea. Nilimwambia asome namba: VEN_10EC, DEV_8168. Tukafungua kasha, tukakuta kadi ya Realtek imechomekwa kwa mkono, na ile ya Intel iliyo kwenye bodi imezimwa ndani ya BIOS. Bila shaka iliharibika huko ilikotoka. Familia hiyo ya Realtek ilikuwapo sokoni kabla ya 2009, kwa hiyo Windows 7 ilikuja nayo tayari. Kwa nje mashine hiyo haikutofautiana na nyingine 11 hata kidogo.

Mwanafunzi aliyeshika karatasi aliongeza mstari wa saba, akaandika namba hiyo na "mashine ya 9 tu", kisha karatasi ikabandikwa ndani ya mlango wa kabati la maabara, flashi ikining'inia kando yake kwa uzi.