"Kirudiaji" Kisichorudia: Juu ya Istilahi Moja ya Lugha ya Ruby

Rasimu ya istilahi za kompyuta iliyotufikia kutoka kwa kikundi cha wafasiri ina mengi ya kusifiwa. Hata hivyo istilahi moja, "kirudiaji", yafaa ipingwe kabla haijaingia darasani.

Inahusu Ruby, lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa na Mjapani Yukihiro Matsumoto na kutolewa hadharani mwaka 1995. Humo amri kama "each" hupitia orodha na kukabidhi kila kipengele kwa fungu, yaani maelekezo yaliyoambatishwa kwenye amri hiyo. Je, fungu lisipokuwapo? Awali amri ilitoa kosa. Tangu toleo la 1.8.7 la mwaka 2008, haikosei wala hairudii lolote: hurejesha kitu kinachohifadhi orodha pamoja na amri, nacho hungoja. Kikiambiwa "next" hutoa kipengele cha kwanza. Kikiambiwa tena, cha pili. Vikiisha, hutoa ishara ya kosa.

Kitu hicho ndicho rasimu inachokiita "kirudiaji". Sasa, kiishio -ji hutaja mtenda: msomaji husoma, mwindaji huwinda. Mwanafunzi aliyefundishwa neno hili ataamini kuwa kazi imekwisha kufanyika, kisha atatafuta bure matokeo yake. Mwalimu atamsahihisha yeye, ilhali kosa ni letu tuliotoa jina.

Wapo wanaopendekeza "kihesabuji". Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto, kwani Ruby inayo amri "count", ambayo bila fungu huhesabu papo hapo: orodha ya 4, 7 na 9 hutoa 3. "Sum" nayo hutoa 20. Kwa hiyo hata maelezo ya rasimu, kwamba kila amri isiyo na fungu hungoja, si sahihi. "Inject" kwa orodha hiyohiyo, isipopewa fungu wala tendo la kutumia, hutoa kosa mpaka leo.

Napendekeza "kipitio", kwa mfano wa kipimio na kifungio. Kiishio -o hapa hutaja chombo, na chombo hakifanyi kazi mpaka kishikwe. Mwenzangu mmoja analalamika kwamba neno hili linakaribiana mno na "mapitio" ya vitabu. Hoja yake ina uzito, ingawa muktadha wa programu utayatenganisha. Msomaji mwenye neno bora na atuletee, mradi lisiishie kwa -ji.